Ndege Aliyeitangulia Barua

Umepata kumngojea mgeni ambaye huja usiku tu, tena usiku wa giza? Ndiyo kazi ya wanaochunguza ndege wa baharini katika kisiwa cha Skokholm, nchi ya Wales. Kisiwa chenyewe ni kidogo, urefu wake yapata maili moja, na bahari ikichafuka mashua haifiki. Hapo ndipo Bwana Ronald Lockley alipoanzisha, mwaka 1933, kituo cha kwanza cha kuchunguza ndege katika Uingereza.

Ndege aliyemshughulisha sana huitwa Manx shearwater, mweusi mgongoni na mweupe tumboni. Angani ni hodari, lakini miguu yake iko nyuma mno, hata akiwa nchi kavu hujikokota kwa kifua. Shakwe wakubwa wakimwona mchana humwua. Basi hungoja baharini mpaka giza liingie, ndipo hurudi shimoni mwake kwa makelele. Humo jike hutaga yai moja tu kwa mwaka. Mume na mke hulilalia kwa zamu: mmoja yumo ndani siku kadhaa, mwenzake yuko baharini akitafuta samaki.

Sasa, katika maelfu yanayofanana hivyo, utajuaje kwamba huyu ndiye yule wa mwaka jana? Mchunguzi hutia mkono shimoni (naye ndege huuma kweli kweli), humtoa, humvika mguuni pete nyepesi yenye nambari, kisha humrudisha. Kwa pete hizo ilijulikana kwamba hurudi shimo lile lile mwaka baada ya mwaka, ingawa wakati wa baridi ya Ulaya huwa mbali, karibu na pwani za Brazili na Ajentina. Mmoja aliyevikwa pete mwaka 1957 katika Bardsey, kisiwa kingine cha Wales, alishikwa tena akiwa hai baada ya mwaka 2000.

Lakini je, akipelekwa mahali asipopajua? Mwaka 1952 ndege wa Skokholm, pete yake AX6587, alichukuliwa kwa eropleni hadi Boston, Marekani, akaachiliwa huko. Kati yake na shimo lake palikuwa na maili zaidi ya 3,000 za maji matupu. Barua ikaandikwa kuwajulisha watu wa kisiwani. Baada ya siku 12 na nusu walimkuta shimoni mwake, wakasoma nambari. Barua ilikuwa bado njiani.