Mtambo Uliofungwa kwa Nywila (3): Kabla ya Kufuta

Wiki iliyopita tuliishia kwenye kompyuta kuukuu ya Windows XP, inayodai nywila wakati aliyeiweka alishastaafu zamani. Kufuli hilo ni jepesi. Nywila za XP hukaa katika faili moja la diski liitwalo SAM. Mwenye mali akishanakili diski nzima, anaiwasha kompyuta kwa Linux kutoka diski nyingine na kuifuta nywila bila kugusa programu za mashine. Leo tuingie ndani ya paneli, iliko PLC, kile kikompyuta kisicho na kioo wala kibodi kinachoamua mota ipi iwake na vali ipi ifunge. Huko kosa moja halirudishiki.

Chukua S7-200 ya Siemens. Aliyesahau nywila yake ana mlango mmoja rasmi: anaiweka PLC kwenye STOP, na panapoombwa nywila anaandika clearplc. Mlango unafunguka kweli, ila ndani hamna kitu. Programu imefutika pamoja na nywila, ikabaki anwani ya mtandao, kasi ya mawasiliano na saa. Waliounda utaratibu huo walikuwa na sababu: kufuli liliwekwa kulinda kazi ya aliyeandika programu, kwa hiyo mwenye kifaa anarudishiwa kifaa chake, si maandishi ya mwenzake. Lakini kiwanda chenye nakala moja tu ya programu hiyo, iliyomo humohumo, kimebaki na mtambo usiojua kazi.

Nilimkuta kijana mmoja, fundi hodari, ameshaandika neno hilo kwenye leptopu, kidole kiko juu ya Enter.

“Mzee, nifute?”

“Subiri kwanza, mwanangu. Nakala iko wapi?”

Hakuwa nayo. Akaniambia kuna programu inauzwa mtandaoni, ya kutoa nywila za PLC bila kufuta chochote. Angeinunua usiku ule. Nikamsimulia yaliyofichuliwa Julai 2022 na Dragos, kampuni ya Marekani inayoshughulikia usalama wa mitambo. Walichunguza programu ya aina hiyo, iliyotangazwa kwa ajili ya PLC ya DirectLogic 06 ya AutomationDirect. Nywila ilitoka kweli. Haikuvunjwa, programu ilitumia udhaifu wa PLC yenyewe, ikaiomba, nayo ikaitoa wazi. Wakati huohuo ilipandikiza Sality kwenye kompyuta ya fundi, kirusi kinachoiingiza kompyuta katika kundi la mashine zinazotumikishwa na wahalifu. Kila nusu sekunde kilichungulia kilichonakiliwa, na kikiona anwani ya sarafu ya kidijitali, kinaweka ya mwizi. Tena leptopu ya fundi haikai mahali pamoja: leo imechomekwa kwenye mashine hii, kesho kwenye ile.

Tukafungua mlango wa paneli. Nyuma yake, katika mfuko wa plastiki wenye michoro ya umeme iliyojaa vumbi, palikuwa na CD iliyoandikwa kwa kalamu ya wino jina la mashine na mwaka. Programu ilikuwemo. Sasa swali likawa gumu zaidi: ndiyo hii iliyomo kwenye PLC, au mtu aliibadilisha baadaye? Iliyofungwa haisomeki, hivyo huwezi kuzilinganisha moja kwa moja.

Ila S7-200 ina taa ndogo kwa kila mlango wa kuingiza na wa kutoa. Mashine ikiwa kazini, tukazirekodi kwa simu mzunguko mzima, mara tatu. Kisha tukatafuta S7-200 nyingine ya aina ileile, iliyotumika, isiyo na nywila, tukaipakia programu ya CD juu ya meza na kuifungia swichi badala ya vihisi. Kijana akabonyeza swichi kwa mpangilio wa ile video, mimi nikitazama taa. Hatua moja haikulingana: kipima muda cha mfuniko kilikuwa kimerefushwa kwenye mashine. Tukakipima kwenye video, tukakirekebisha.

Tukaifunga PLC hiyo kwenye paneli, mahali pa ile ya zamani. Swichi za dharura na za mlango tulizijaribu moja moja kabla mota haijapewa umeme. PLC hiyo ya pili ndiyo inayofanya kazi hadi leo. Ile ya zamani iko kabatini, nywila yake haijulikani, programu yake imo ndani salama.