Chipping Campden: Soko Lililosalia Katika Jina

Majina ya mahali ni hazina ambayo mwanafunzi wa isimu historia aghalabu huipita bila kuikagua. Chipping Campden, mji mdogo ulio katika vilima vya Cotswolds, kaunti ya Gloucestershire nchini Uingereza, ni mfano bora. Mgeni alisikiapo jina hilo huenda akalihusisha na chipsi. Kumbe "Chipping" ni neno la Kiingereza cha Kale lililomaanisha soko, na Waingereza wengi wenyewe hawatambui hivyo. Lina nasaba moja na "ceap", yaani biashara au mapatano ya bei, neno ambalo pia limo katika Cheapside, mtaa wa London uliokuwa soko mashuhuri, na katika "chapman", mchuuzi wa zamani. Siku hizi neno hilo limekuwa "cheap", kivumishi cha kitu cha bei nafuu. Kiswahili nacho kilitwaa "rahisi" kutoka kwa Kiarabu, ambako huhusu bei ya chini, kikaipanua maana yake hata ikajumuisha jambo lisilo gumu.

Soko la Campden lilianza katika karne ya 12, enzi ya Mfalme Henry II. Utajiri wake ulitoka migongoni mwa kondoo, kwani sufu ya Cotswolds iliuzwa hadi ng'ambo. Mmoja wa matajiri wa sufu, William Grevel, alifariki mwaka 1401. Bamba la shaba lenye sanamu yake na ya mkewe limo katika kanisa la Mtakatifu James, na nyumba yake ingali imesimama kwenye barabara kuu.

Jengo linalolieleza jina la mji waziwazi zaidi, hata hivyo, ni banda la soko. Lilijengwa mwaka 1627 kwa gharama ya Sir Baptist Hicks, mfanyabiashara wa vitambaa wa London aliyemkopesha fedha hata mfalme. Ni banda la mawe lenye matao wazi pande zote, na chini yake wakulima waliuza siagi, jibini na kuku bila kunyeshewa. Hicks alikuwa amekwisha kuwajengea maskini wa mji makao mwaka 1612. Jumba lake mwenyewe la fahari liliteketezwa mwaka 1645, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Jina hujihifadhi vinywani mwa watu, hata wasiojua maana yake. Jengo halina bahati hiyo. Katika miaka ya 1940 banda hilo lilikaribia kuuzwa kwa Mmarekani. Wenyeji walichangishana fedha wakalinunua kwanza, kisha wakalikabidhi kwa shirika la uhifadhi la National Trust, ambalo hulitunza hadi leo. Siagi haiuzwi tena humo, lakini sakafu ya mawe ni ileile, yenye mabonde yaliyochimbwa na nyayo za wanunuzi.