Kompyuta Nyepesi ya Zamani: Itaendelezwa au Itaachwa?

Mlioko darasani, fungueni madaftari yenu. Somo la leo ni juu ya kompyuta mpakato. Imeitwa mpakato kwa sababu huwekwa juu ya mapaja, kama mama anavyompakata mtoto.

Jambo hili linahusu fedha za watu. Tuseme akina mama wa Paje wanaolima mwani wameweka akiba mwaka mzima, wapate kompyuta moja ya kuandikia hesabu zao. Wanakwenda Darajani. Muuzaji anawaonyesha mashine nyembamba, nyepesi, ya kupendeza, iliyokwisha tumika. Wanauliza, "Mashine hii haijapitwa na wakati?" Naye anajibu, "Hasha, bibi zangu, mpaka leo zinatengenezwa." Jawabu hilo laweza kuwa kweli, na hata hivyo likawapotezea akiba yao. Tutazame sababu yake.

UKOO NA MTU WAKE

Viwanda hutengeneza kompyuta kwa koo. Ukoo mmoja una jina moja, lakini ndani yake mna wazee na vijana. Kila baada ya muda kiwanda hutoa toleo jipya, yaani mashine mpya yenye jina lile lile. Kiwanda kikikawia kutoa toleo jipya, watu huanza kuulizana: ukoo huu utaendelezwa, au utaachwa?

Mfano mkubwa ni kompyuta iitwayo MacBook Air, ya kampuni ya Apple ya Marekani. Neno "air" maana yake ni hewa. Mwezi wa Januari 2008, Steve Jobs, mkuu wa kampuni hiyo, aliitoa mbele ya watu kutoka katika bahasha ya karatasi, waone wembamba wake. Uzito wake ulikuwa kama kilo 1 na robo tatu ya nusu kilo, si zaidi. Mwaka 2010 ilibadilishwa umbo, ikapendwa na watu wengi.

Kisha ikaja shaka. Mwezi wa Machi 2015 kampuni hiyo hiyo ilionyesha mashine nyingine, MacBook ya inchi 12, isiyofika kilo 1. Watu wakasema: huyu ndiye mrithi, Air imekwisha. Mwezi wa Oktoba 2016 Air ndogo ya inchi 11 iliachwa. Ile ya inchi 13 iliendelea kuuzwa, lakini kioo chake kilikuwa cha namna ile ile ya mwaka 2010. Mwaka 2017 iliongezwa nguvu kidogo tu.

Je, ilikufa? Haikufa. Tarehe 30 Oktoba 2018, mjini New York, Apple ilitoa Air mpya yenye kioo kizuri zaidi. Mwezi wa Julai 2019 iliyoachwa ni ile MacBook ya inchi 12, aliyedhaniwa kuwa mrithi. Mrithi alikuwa mwepesi zaidi, lakini alikuwa na tundu moja tu la kuchomekea chaja na vyombo vingine, na bei yake Marekani ilianzia dola 1,299, hali Air ya zamani ya inchi 13 ilianzia dola 999. Novemba 2020 Air ilipewa prosesa iliyobuniwa na Apple yenyewe. Prosesa ni kama ubongo wa mashine. Machi 2025 toleo jingine lilitoka.

Basi ukoo uliendelea. Lakini sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo penye somo.

UKOO WAISHI, BABU AMEKUFA

Kompyuta haifanyi kazi kwa chuma na kioo peke yake. Ndani yake mna programu kuu inayoiendesha. Kiwanda huitunza programu hiyo: huziba matundu ambayo wezi wa mitandaoni hupitia. Utunzaji huo una mwisho.

Air iliyotengenezwa mwaka 2017 inakubali programu kuu iliyotoka mwaka 2021. Ile ya mwaka 2022 haiikubali. Na programu kuu ya mwaka 2025 huendesha Air zile tu zenye prosesa ya Apple yenyewe, kuanzia ile ya Novemba 2020. Za kabla yake zimeachwa njiani, ingawa jina ni lile lile.

Vipuri navyo vina mwisho. Kwa desturi, Apple huihesabu mashine kuwa ya kale ikipita miaka 5 tangu ilipoacha kuiuza. Ikipita miaka 7, kwa kawaida haiitengenezi tena.

Mnaona sasa jinsi jawabu la muuzaji lilivyo. Aliposema "mpaka leo zinatengenezwa," alisema juu ya ukoo. Akina mama hawanunui ukoo. Wananunua mashine moja, nayo ina mwaka wake wa kuzaliwa.

Mambo haya si ya Apple peke yake. Kampuni ya Microsoft ilimaliza utunzaji wa kawaida wa programu yake Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, iliyofuata, hukataa kompyuta nyingi za zamani.

UKOO ULIOKATIKA

Upo pia ukoo wa karibu nasi uliokatika kabisa. Profesa Nicholas Negroponte wa Marekani alitaka kila mtoto wa nchi maskini apate kompyuta ya dola 100. Mashine hiyo iliitwa XO. Ilikuwa nyeupe na kijani, uzito wake kama kilo 1 na nusu, na kioo chake kilisomeka hata juani. Ilianza kutengenezwa kwa wingi mwishoni mwa mwaka 2007, lakini bei yake ilikaribia dola 200.

Rwanda iliipokea kuanzia mwaka 2008, na ikagawa mashine zipatazo laki mbili katika skuli zake. Lakini XO haikuwa bidhaa ya madukani. Chaja ikiharibika, mzazi hakuweza kwenda sokoni kununua nyingine. Mwaka 2014 serikali ya Rwanda ilipatana na kampuni ya Positivo BGH itengeneze kompyuta nyingine huko huko Kigali. Ukoo wa XO ulikoma.

Linganisheni na cherehani. Cherehani ya miaka 40 bado yashona kanzu, kwa kuwa sindano na mikanda yake yapatikana dukani na mafundi wapo. Chombo huishi maadamu yuko mtu wa kukitunza na kitu cha kukitengenezea.

MASWALI MANNE YA KUMWULIZA MUUZAJI

1. Mashine hii ilitengenezwa mwaka gani? Msitosheke na jina. Ifungueni, mwombeni awaonyeshe mwaka kwenye kioo.

2. Programu kuu iliyomo ni ipi, na bado inatunzwa?

3. Betri yake yakaa saa ngapi bila umeme? Unguja tulikosa umeme kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, na mpaka leo hatusahau. Kaeni dukani muda mrefu muitazame.

4. Betri na chaja zake zapatikana hapa Unguja, au mpaka ziagizwe ng'ambo?

Hatusemi kwamba kila mashine ya zamani ni mbaya. Kwa kuandika barua na kupanga hesabu bila ya intaneti, ya zamani yaweza kufaa miaka mingi, ikiwa bei yake ni ya kitu cha zamani. Lakini msiitumie kwa mambo ya benki, na msilipe bei ya kijana kwa kumnunua mzee.

Na kama kiwanda hakijasema lolote juu ya ukoo fulani, msinunue kwa kutumaini uvumi. Air ilidhaniwa kufa, ikaishi. Mrithi wake alidhaniwa kuishi, akafa. Angalieni kilichomo mikononi mwenu.

MANENO YA KUJIFUNZA

Mpakato: kompyuta ya kuweka mapajani.
Toleo: mashine mpya ya ukoo ule ule.
Prosesa: ubongo wa mashine.
Vipuri: vitu vya kubadilishia vilivyoharibika.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini jawabu la muuzaji laweza kuwa kweli na bado kuwapoteza wanunuzi?
2. Ni mashine gani iliyoachwa mwezi wa Julai 2019?
3. Kwa nini mzazi wa Rwanda hakuweza kununua chaja ya XO?
4. Tajeni chombo kimoja nyumbani kwenu ambacho vipuri vyake havipatikani tena.

Yajibuni kwa maandishi, kisha someaneni kwa sauti. Kwaherini mpaka somo lijalo.