Ukishuka Doha Hakuna Mpiga Debe

Viza ipo, tiketi ipo, koti la baridi unalo, maana wewe ni mtu wa Njombe. Kimebaki kile ambacho wengi hawakwambii: kubadilisha ndege.

Kwa mtu wa Njombe au Makambako, kubadilisha usafiri si jambo geni. Makambako yenyewe ni mji wa kubadilishia. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inakutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA nayo inapita. Unashuka, hujajinyoosha hata kidogo, mpiga debe ameshashika begi lako: “Songea? Mbeya? Hiyo ya Iringa inatoka!” Anaudhi, lakini hupotei.

Ukishuka Addis Ababa, Doha au Dubai, huyo jamaa hayupo. Kazi yake inafanywa na ubao wa skrini, na ubao haukufuati ukiwa umekaa unakula. Ndiyo maana watu wazima, wasomi, wanaachwa na ndege wakiwa ndani ya kiwanja hicho hicho. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya kasheshe hii unaimaliza ukiwa bado nyumbani.

Anza na saa

Chukulia tiketi yako imeandikwa tarehe 15, saa 03:35. Ukiisoma Kiswahili cha haraka haraka unasema saa tatu na dakika 35, unajipanga kuwahi asubuhi. Mpenzi msomaji, hapo umeshaachwa! Hiyo ni saa 9:35 usiku, usiku wa tarehe 14 kuamkia 15. Unatakiwa uwe kiwanjani kwenye saa 6 usiku, tarehe 14 ikiwa inakwisha.

Keti na mwenzako, andikeni kila saa ya safari kwa Kiswahili, na pembeni muweke “kuamkia” tarehe ngapi. Kisha angalieni saa za nchi mnazopitia. Addis Ababa, Doha na Istanbul saa zao ni sawa na za kwetu. Dubai wako mbele kwa saa moja. Simu ambayo haijashika mtandao inaweza kubaki na saa ya Dar, na hiyo saa moja inatosha kukuacha. Tena, saa ya kuondoka siyo saa ya kupanda. Geti hufungwa mapema, na muda wake umeandikwa kwenye pasi yako ya kupandia ndege.

Dar ndiyo kona ya kwanza

Kutoka Makambako hadi Dar ni zaidi ya kilometa 600, na Mlima Kitonga uko katikati. Lori moja likiharibika pale, ratiba yako yote imeharibika nalo. Kwa ndege ya usiku wa tarehe 14, ondoka tarehe 13. Kulala Dar usiku mmoja ni nafuu kuliko kununua tiketi mpya.

Kama unapitia Kiwanja cha Songwe, Mbeya, ukaruka mpaka Dar, kumbuka Kiwanja cha Julius Nyerere kina majengo tofauti. Safari za kimataifa zilihamia Jengo la Tatu la Abiria mwaka 2019, wakati ndege za ndani zimekuwa zikitumia Jengo la Pili. Ni majengo mawili yaliyo mbalimbali, kwa hiyo weka nafasi ya kuchukua begi na kuhama.

Tiketi moja au mbili?

Hapa ndipo pesa za watu zinapotea. Safari yote ikiwa kwenye tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa, kwa kawaida ni kazi ya shirika kukutafutia nyingine. Ukiunganisha tiketi mbili za bei poa kutoka mashirika tofauti, ukiachwa ni shauri yako.

Angalia pia jina kamili la kiwanja, maana jina la mji halitoshi. London ina Heathrow na Gatwick, na Istanbul nayo ina viwanja viwili. Kuhama kutoka kimoja kwenda kingine ni kutoka nje, na kutoka nje ni habari ya uhamiaji na viza. Marekani ndiyo kabisa: hata ukipita tu unahitaji viza, na kwenye kiwanja cha kwanza unachukua mabegi yako, unapita forodha, halafu unayakabidhi upya.

Ukishatua

Fuata kibao kilichoandikwa “Transfers” au “Connections”. “Arrivals” ni ya wanaoishia hapo. Dar, kabla hujaachana na begi, soma herufi tatu kwenye kijikaratasi chake: ziwe za mji unakoishia. Ukitua, angalia namba ya ndege kwenye ubao kwanza, chai baadaye, kisha rudi uangalie tena, kwa sababu geti hubadilika. Na ile chupa ya asali aliyokupa mama? Iweke kwenye begi kubwa. Viwanja vingi hukagua mkoba tena unapobadilisha ndege, na kimiminika kwenye chupa ya zaidi ya mililita 100 kinaweza kuishia hapo.

Usione soo kuuliza. Onyesha pasi yako kwa mtu mwenye sare, sema jina la mji unakokwenda. Hata Kiingereza cha kuunga unga kinatosha.

Mkiwa wawili

Uchovu hauna adabu. Wapenzi waliotoka Njombe wakicheka wanaweza kufika geti la pili hawasemeshani, kila mmoja akimlaumu mwenzake kuhusu pasipoti. Gawaneni kazi kabla: mmoja atunze hati, mwingine asome vibao na saa. Anayetunza asihojiwe kila dakika tano.

Kama mmoja amebaki Njombe, usimwachie “nitakupigia” peke yake. Intaneti ya bure kiwanjani wakati mwingine hudai namba ya siri inayotumwa kwenye simu, na laini yako huenda isishike. Ukimya wa saa 8 kwa aliyebaki ni mrefu sana, na wivu hauhitaji viza. Mwachie karatasi yenye namba za ndege, saa za Kiswahili na muda utakaokuwa kimya. Kwa namba hizo ataweza kujua mwenyewe kama ndege imetua.

Andikeni nakala mbili leo jioni: moja ndani ya pasipoti, nyingine kwenye kabati la sebuleni. Safari njema!