Fahamu: Uso wa Maji Wapimwaje?

Mkulima wa Wang'uru, Kenya, atupapo punje nyeupe za yurea katika jaruba lililojaa maji ya mto Thiba, aghalabu hudhani kuwa mbolea yote imekwisha kuwa rizki ya mpunga wake. Kumbe siku chache baadaye, yurea ikisha kuvunjika, mwani hunyonya kaboni dayoksaidi adhuhuri, maji yakawa ya alkali, na sehemu ya nitrojeni ile ikapaa kwa sura ya amonia, ambayo mlango wake wa kutorokea ni utando wa juu kabisa wa maji.

Utando huo huchunguzwa kwa nuru. Albert Einstein alieleza mwaka 1905 jinsi nuru ing'oavyo elektroni, naye Kai Siegbahn wa Uppsala, Uswidi, akatunukiwa Nobel mwaka 1981 kwa kuzipima nishati za elektroni hizo, ambazo hudhihirisha si elementi tu bali na hali yake, hata amonia ikapambanuka na amoniamu. Na kwa kuwa elektroni zitokazo kina cha zaidi ya nanomita chache hupoteza nishati njiani, habari tuzipatazo ni za usoni hasa.

Taabu kubwa ilikuwa ombwe, ambamo elektroni hizo hazina budi kupimwa, kwani mahali pasipo hewa maji huchemka, kisha huganda. Manfred Faubel, huko Göttingen, Ujerumani, alilitatua hilo kwa ustadi ambao mimi naustahi mno: mchirizi wa maji mwembamba kuliko unywele, upitao mbele ya nuru kwa kasi kubwa mno, hata usipate wasaa wa kuganda.