Barafu ya Rwenzori yayeyuka, lakini maji ya mito yatoka wapi?

KAMPALA — Mwaka 1906 msafara wa Mwanamfalme Luigi Amedeo wa Italia ulipanda milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, na kuchora ramani ya vilele vyake. Picha alizopiga mwenzake, Vittorio Sella, zingali kipimo cha watafiti hadi leo. Zama hizo barafu ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 6. Mwaka 1987 zilisalia takriban 2, na kufikia 2003 haikufika hata moja. Masalia makubwa yako kwenye mlima Stanley, wenye kilele cha Margherita, mita 5,109 juu ya usawa wa bahari.

Kuipima barafu hiyo si kazi nyepesi. Mawingu huifunika milima karibu mwaka mzima, hivyo picha za setilaiti zilizo safi ni chache. Hata zikipatikana, theluji iliyoanguka usiku wa jana huweza kudhaniwa kuwa barafu ya miaka mingi. Kwa sababu hiyo watafiti hulazimika kupanda kwa miguu, siku kadhaa wakipita kwenye vinamasi, ili kuhakiki mipaka kwa vifaa vyao.

Kwa Wakonzo wa Kasese, theluji hiyo ni Nzururu, makao ya Kitasamba, na kutoweka kwake ni msiba usiopimika kwa kilomita za mraba. Ila kuna hofu nyingine, kwamba barafu ikiisha mito nayo itakauka. Mto Mubuku huendesha mitambo ya umeme na kumwagilia mashamba kabla maji yake hayajafika Ziwa George.

Hapo vipimo vinasema jambo lisilotarajiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba maji ya barafu hayafikii hata asilimia 2 ya maji ya Mubuku chini ya milima, iwe masika au kiangazi. Sehemu kubwa hutokana na mvua inayonyesha kwenye misitu na vinamasi vya miinukoni.

Mafuriko ya mto Nyamwamba, yaliyoikumba Kilembe na hospitali yake Mei 2013 na tena Mei 2020, nayo yalitokana na mvua kubwa. Kwa wakazi wa bondeni, basi, vipimo vya mvua na hali ya misitu vina uzito kuliko ramani ya barafu, ingawa ni barafu ndiyo inayowavuta wapigapicha.