Mosi si uchafu: itambue kabla ya kuikwangua

Mvua ikinyesha Simi-Simi, magharibi mwa jiji la Kisangani, kuta za saruji na mashina ya michikichi hubadilika rangi kwa dakika chache. Palipokuwa na rangi ya vumbi panageuka kijani kibichi. Hiyo ni mosi, mmea mdogo ambao wengi huukwangua wakidhani ni kuvu.

Mosi haina mizizi ya kweli. Vijinyuzi vyake huishikilia tu ukutani, na maji huyanywa kwa majani. Jua likiwaka hujikunja na kukauka bila kufa. Ikiloa huamka tena. Haitoi maua wala mbegu, bali huzaliana kwa vumbi laini la spora, linalotoka katika vikopo vidogo.

Anayeanza kuitambua atazame kwanza imeota wapi. Kwenye mashina ya michikichi tafuta Octoblepharum albidum: majani yake ni manene na meupe-kijani, kwa kuwa yamejaa seli tupu za kuhifadhi maji. Kwenye saruji iliyopigwa jua, Bryum argenteum hung'aa kama fedha. Hiyo huota hata Antaktika. Kwenye mawe na saruji yenye majimaji kuna Hyophila involuta, ambayo majani yake hujiviringa kwa ndani yanapokauka.

Mbona basi Kisangani, yenye mvua nyingi, haina mazulia manene ya mosi kama milima ya Ruwenzori? Sababu kubwa ni joto. Mchana mosi hutengeneza sukari ikiwa mbichi, lakini hukauka upesi na kazi husimama. Usiku wenye joto na unyevu, mosi huitumia sukari hiyo kwa kupumua, hivyo akiba inayobaki ya kukulia ni ndogo. Mlimani baridi ya usiku huilinda akiba hiyo.

Kwa afya, mosi ya ukutani haiambukizi ugonjwa. Lakini ikiota ndani ya nyumba, inaonyesha kwamba ukuta umelowa, na ukuta uliolowa hukuza pia kuvu halisi, ambalo spora zake huwasumbua wenye pumu. Kukwangua pekee hakusaidii: ziba paa linalovuja, ondoa maji yanayotuama kwenye msingi, fungua madirisha hewa ipite. Ile ya nje, kwenye mti na jiwe, iache. Inahifadhi maji na kuwapa makazi wadudu wadogo. Wafundishe watoto kuitazama kwa kioo cha kukuzia.